Kwa Baba Millicent, Kuhusu Lile Sanduku

Mwaka mzima umekatika, Baba Millicent, tangu ile Jumatano ya tarehe tisa Februari ulipotutoka hospitalini na sentensi yako ikiwa katikati. Watu waliniambia mwaka ukiisha moyo unatulia. Waongo. Wangu haujatulia hata kidogo, na leo nitakuambia kwa nini, na hawa wanaosoma jarida la kanisa wasikie pia, maana nimetakiwa niyaseme mbele za watu.

Lakini kwanza nikusalimie vizuri, usije ukasema nimekuanza na vita kama kawaida yangu. Nyumba ya Maringo ipo. Dari la jikoni linavuja pale pale ulipoahidi kuziba. Millicent wako alimaliza kidato cha nne na amekuwa mrefu hata nguo zangu hazimtoshi. Mimi bado niko kiwandani, nashona kola za mashati kuanzia saa moja asubuhi, na msimamizi ni yule yule unayemjua, asiyejua kucheka.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukirudi likizo. Siku za kwanza ulikuwa hulali kitandani. Ulisema godoro linakumeza, ukatandika mkeka sebuleni. Saa kumi na moja alfajiri uko macho, umevaa, umechana nywele, na huna pa kwenda. Basi unakaa mezani na wembe, unakata penseli. Kila penseli unaikata katikati, unazichonga zote mbili, unazipanga kwa mstari. Nilikuuliza mara moja kwa nini unaharibu vitu vizima. Ukasema, "Hizi ni za watu wawili." Sikuuliza tena.

Ulimsalimia kila mtu. Hata walevi wa pale karibu na soko uliwaita "mwanafunzi wangu", nao walikuwa wanasimama wima na kujipangusa mashati. Chai ulikunywa bila sukari. Sahani yako uliiosha mwenyewe, na wanawake wa laini yetu wakanionea wivu na kunicheka kwa wakati mmoja. Ulikuwa mtu mpole. Ningependa niishie hapo, niweke ile picha yako ya tai, niorodheshe jamaa, nimalize. Siwezi.

Ukweli ni kwamba sikuitaka kazi yako. Wewe unajua, lakini wasomaji hawajui. Miaka sita ulifundisha kaskazini, mbele ya Wajir, shule isiyo na ukuta wala kengele, shule inayohama na watu na ngamia wao. Wenzako mliosoma nao chuo cha ualimu walikuwa Buruburu, wanaenda kazini na kurudi nyumbani jioni. Mimi nilikuwa na mume wa mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili. Kwa hivyo ukianza tu, "Mama Millicent, juzi kule kisimani…", mimi nachukua ndoo natoka nje, hata kama mifereji imekauka. Nilikuwa nikisimama huko na ndoo tupu mpaka unyamaze. Leo ningekaa nikusikilize habari za ngamia mmoja mmoja kwa jina.

Halafu kulikuwa na maneno. Jirani yetu Mama Kiilu, unamjua alivyo, aliniambia siku moja tukianika nguo, "Mwanamume hawezi kupenda ngamia kiasi hicho, dada. Chunguza." Nilicheka naye. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na mimi nikalikalia miaka miwili bila kukuuliza.

Ulipokuja mwisho wa Januari mwaka jana haikuwa likizo. Ulifika umeegemea mlango, macho ya njano, na sanduku la bati la buluu lenye kufuli. "Nimekuja kutoa nakala," ulisema. "Kule hakuna mashine." Hukufika mjini kutoa nakala yoyote. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Siku ya mwisho ulinishika mkono ukaniambia, "Sanduku. Lisiguswe. Mpe Magan." Nikauliza ni nani huyo. "Mpe Magan mwenyewe, mkononi." Kisha ukaanza kuwafundisha kugawanya watu ambao mimi siwaoni, "Haya, kumi na mbili kwa nne, wewe, la, wewe wa nyuma…", mpaka ukanyamaza.

Magan. Jina hilo sikuwa nimelisikia, kwa sababu ya ndoo zangu. Moyo wangu ulilivalisha leso kama mwanamke saa hiyo hiyo, ukalipa na watoto wawili.

Tulikuzika kwenu Kimilili. Siku ya tatu, kama ilivyo desturi ya nyumbani, wazee walikaa, tukanyolewa nywele, vitu vyako vikagawanywa. Koti lilienda kwa mjomba, baiskeli kwa binamu. Sanduku nilikuwa nimelibeba kutoka Nairobi likiwa limefungwa, ufunguo nimeufundika kwenye kitambaa. Siku hizo zote nililizunguka tu. Nilikuwa na hakika ndani mna picha za mwanamke. Nilijua nikifungua sitaweza kukulilia tena, na nilitaka sana kukulilia.

Basi nilifanya hivi. Nililisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Mulama, kaka yako mkubwa. Nikasema, "Chukua hili, shemeji. Kilichomo fanya unavyotaka, mimi nisiambiwe." Na ufunguo nikampa. Mulama hakuomba sanduku. Nataka hilo lieleweke vizuri na kila mtu: hakuomba. Wewe ulisema lisiguswe, nami nililigusa kwa mguu.

Mwezi wa tano, Jumamosi mchana, Millicent akaingia jikoni. "Mathe, kuna msee mlangoni anamuulizia Buda." Nikatoka nimwone mtu huyo anayemuulizia baba yake. Mtu mrefu, mwembamba, kikoi na koti, ndevu zimepakwa hina, viatu ameshavua. Akasema, "Mama, mimi naitwa Magan. Nafundisha na Mwalimu. Amechelewa kurudi, watoto wamenituma."

Kumbe Magan ana ndevu.

Hakuwa amesikia. Miezi mitatu walikuwa wakikungoja, Baba Millicent. Barua ya msiba niliandika kwa mwajiri wako tu, sikujua mwingine wa kumwandikia, na haikufika kisimani. Ilibidi mimi nimwambie pale pale mlangoni. Alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa shali yake, na mabega yakawa yanatikisika. Millicent alileta chai ikapoa. Alipofunua uso aliuliza umezikwa wapi na kichwa kimeelekea upande gani. Nikamwambia. Akashukuru.

Halafu akaanza kunieleza habari zako, na safari hii sikuchukua ndoo.

"Mwalimu alipokuja kwetu hakusema leteni watoto shule," alisema. "Aliuliza maji iko wapi, ngamia inatoka saa ngapi. Maalim wa Kurani anafundisha jioni, basi yeye akachukua asubuhi, kabla ngamia haijatoka. Tukihama, anahama. Ubao anafunga juu ya ngamia, yeye anatembea."

"Watoto wangapi?" niliuliza.

"Kwa kitabu, ishirini na sita. Lakini Mama, ni hamsini na mbili."

Sikuelewa, akanieleza polepole kama mtu aliyezoea kueleza. Kila jina kwenye kitabu chako lilikuwa la watoto wawili wa nyumba moja. Leo mmoja anasoma, mwenzake yuko na mifugo. Jioni yule aliyesoma anamfundisha yule aliyechunga. Kesho wanabadilishana. Na ukifika asubuhi, ulikuwa unamuuliza yule aliyechunga jana, na akishindwa humgombezi yeye. Unamgeukia ndugu yake, "Jana ulimfundisha nini mwenzako?" Magan alisema wazazi wote waliofuatwa na walimu wa kabla yako walikuwa wamekataa, kwa sababu kila mwalimu aliwaambia wachague kati ya mtoto na mifugo. Wewe hukumwambia mtu achague.

Nikazikumbuka penseli. Nikakumbuka pia nilivyowahi kukutania mbele ya wageni kwamba una shule ya wanafunzi nusu. Ulicheka siku hiyo. Sasa najua hukucheka kwa raha.

Nilikuwa nimebakiwa na swali langu, na nililiuliza, Mungu anisamehe, mbele ya mtoto wetu. "Magan, Mwalimu alikuwa na mke kule?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Mke? Mama, Mwalimu alituchosha na habari yako. Alisema unashona kola, na kola yako hainyooki kwa bahati, inanyooka kwa sababu unafumua unarudia. Mtoto akikosa hesabu, Mwalimu anasema, fumua, rudia, kama Mama Millicent. Watoto wote wanajua hiyo. Hata mimi nyumbani kwangu nasema hivyo."

Nililia, Baba Millicent. Nililia mbele ya mgeni kile kilio nilichokuwa nimekibania kwenye maziko. Na nikiwa bado nalia, yeye akauliza kwa adabu, "Sanduku iko?"

Sasa wasikilize wote kilichokuwa ndani ya sanduku lile. Watoto wale ishirini na sita wa kitabuni, mmoja kwa kila nyumba, ndio wa kwanza kutoka upande ule kufika mtihani wa darasa la nane, na mtihani ni mwaka huu wa tisini na tano. Hawana vyeti vya kuzaliwa. Walizaliwa njiani. Ili waandikishwe, kila mmoja alihitaji barua: wazee wawili washuhudie alizaliwa mvua zipi au kiangazi kipi, waweke dole gumba, na chifu agonge muhuri. Barua ishirini na sita. Ulizunguka miaka miwili kuzitafuta, kwa miguu, kwa sababu wazee wenyewe wanahama. Ulizileta Nairobi utoe nakala, zisije zikapotelea jangwani. Zikapotelea mikononi mwetu, sisi watu wa mjini wenye kabati.

Nilimwambia Magan tunaenda Kimilili kesho yake. Tulikwenda watatu. Mke wa Mulama alitupokea vizuri, akatuonyesha sanduku. Lilikuwa na mbegu za mahindi. Nikauliza, "Na karatasi?" Akasema, bila ubaya wowote, "Zile kuukuu? Nilimpa yule mama wa sokoni, afungie njugu."

Niliingia kwenye soko lile kama mwendawazimu. Nilinunua njugu kila meza. Nilikuwa nazimwaga chini na kukunjua karatasi, watu wakasimama kunitazama, mwingine akauliza kama nimefiwa. Ndiyo, nimefiwa! Tulipata barua tatu kwenye rundo la mama yule, nne kwa muuza sukari, mbili kwenye shimo la taka nyuma ya soko, ambamo Millicent aliingia mpaka magotini na fimbo. Tisa. Nyingine mafuta ya njugu yamepita katikati ya dole gumba la mzee wa watu. Magan alizipangusa kwa shali yake moja moja na kuniambia majina, huyu fulani, huyu fulani. Zilipoisha alinyoosha mkono apewe ya kumi, na hapakuwa na ya kumi.

Mulama nilimkuta amesimama karibu na ghala. Nilimtukana. Sikumwita kaka wala shemeji. "Una macho! Hukuona mihuri? Hukuona majina ya watoto?" Akasema tu, "Niliona." Hakujitetea hata kidogo, na hiyo ikanizidishia hasira. Tulirudi Nairobi bila kuagana.

Magan alirudi kaskazini kuzitengeneza upya zile kumi na saba. Miezi minne alizunguka. Kiangazi kilikuwa kimewasukuma watu mpaka ng'ambo ya mpaka, mashahidi wengine wamekufa, chifu aliyegonga mihuri amehamishwa. Hakupata hata moja. Aliniandikia barua, na mwandiko wake unafanana na wako, nadhani ulimfundisha wewe.

Kati ya wale kumi na saba yuko msichana anaitwa Dahabo. Magan anasema ndiye uliyemwachia darasa ukishikwa na homa, na alikuwa mkali kuliko wewe. Mwaka jana wote ndugu yake Nuur alimwachia zamu zake. Alichunga yeye kila siku, hakusoma tena, ili dada yake asome kila siku na angalau mmoja wao afike. Baba yao alikubali kwa sharti: mtihani ni mwaka huu, na ukipita bila yeye kufanya, wote wawili wanarudi kwa ngamia na habari za shule zimekwisha. Basi ndivyo ilivyo. 

Mwezi uliopita Magan alikuja tena, na tukaenda ofisi ya mitihani tukaomba. Afisa alitupokea vizuri, sitamsingizia. Alizitazama zile tisa kwa muda mrefu. Akasema tisa hizo wataandikishwa. Kuhusu kumi na saba, akasema hawezi kuandikisha watoto kwa maneno ya mdomo. Lakini familia ya marehemu ikikiri kwa maandishi, yaliyochapishwa mahali pa wazi na si barua ya siri, kwamba barua zilikuwepo, na nani alikuwa nazo, na zilipoteaje, na ikabeba lawama hiyo kwa majina, basi atapeleka jambo hilo mbele na kuliombea. Hakuahidi. Alisema ataliombea. Mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa, tarehe ishirini na nne mwezi huu, saa kumi jioni.

Kumbukumbu yako ilikuwa inakaribia, nikasema basi tutaiandika humo. Niliwaita wa kwenu. Jumapili iliyopita sebule ilijaa. Mjomba alikuja na maandishi yake tayari, ulikuwa taa, ulikuwa nguzo, pengo lako halitazibika. Nikawasomea yangu.  Halafu Mulama akasimama, huyu mzee wa kanisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasema, "Mnataka niandikwe mwizi mbele ya kanisa zima? Nimeshika meza ya Bwana miaka kumi na minane! Ondoeni jina langu. La mke wangu, la watoto wangu, yote yaondoeni." Akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiniambia nimekosa heshima, nimesahau mimi ni mwanamke wa kuolewa. Chai yote ilibaki. Millicent akaniambia, "Mathe, tuandike tu jina letu sisi wawili." Lakini afisa alitaka wote waliozishika. Bila Mulama, maandishi yangu ni hadithi ya mjane.

Jumanne, Jumatano, nilishona kola zimepinda. Msimamizi alinirudishia dazeni nzima. Nilikuwa nahesabu siku badala ya mishono. Nilikuomba hata wewe umtokee ndotoni umtishe, uone nilipofikia.

Alhamisi nimetoka kazini, bado jua liko, nikamkuta Mulama ameketi kwenye ngazi ya mlango wetu, kofia magotini. Amepanda basi peke yake kutoka Kimilili. Sikumkaribisha. Yeye akasema, "Shemeji, mwambie mtoto anisomee tena ulichoandika."

Millicent akamsomea. Alipofika pale nilipokuwa nimeandika kwamba Mulama aliziona barua akazidharau, akainua mkono. "Hapo futa. Sikuzidharau."

"Basi ulifanya nini?" nikamuuliza. "Mihuri uliiona, ulisema mwenyewe."

"Mihuri niliona. Sikujua zinasema nini." Akaiweka kofia chini. "Sijui kusoma, shemeji. Hata jina langu."

Nikasema, "Lakini kanisani unashika kitabu cha nyimbo."

"Nyimbo nazijua kwa moyo. Kitabu nashika."

Jameni. Miaka kumi na minane. Alieleza akiangalia barabarani, si sisi. Kwamba baba yenu alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja shuleni, na ng'ombe walihitaji mtu. Kwamba yeye ndiye mkubwa, na nafasi ilikuwa yake, akakupa wewe kwa sababu ulikuwa unaumwa kifua na huwezi mvua. Mkapatana kwamba utamfundisha jioni. "Alinifundisha wiki moja," alisema. "Halafu tukawa watoto tu, tukacheza, ikaisha." Nikamuuliza kama wewe ulikumbuka. Akasema, "Alikumbuka. Aliniomba msamaha siku moja tukipalilia, mtu mzima, mwalimu. Nikamwambia anyamaze apalilie. Hatukulizungumza tena."

Kwa hivyo hukuipata kwa ngamia, ile shule yako ya watu wawili wawili. Hukuipata chuoni. Uliibeba kutoka kwa baba yako, ukaipeleka mbali kabisa ambako hakuna anayekujua, ukawalazimisha watoto wa wengine wafanye kila jioni kile ulichokiacha baada ya wiki moja. Na mimi, mke wako, hukuniambia! Nimekukasirikia, Baba Millicent. Nimekukasirikia na nimekupenda upya, na sina pa kuvipeleka vyote viwili.

Nilimwambia Mulama si lazima tuandike hilo la kusoma. Kweli nilimwambia, maana nilimwonea huruma, aibu hiyo mbele ya kanisa ni kubwa kuliko ya mwizi. Akakataa. "Ukiandika nilidharau, yule afisa atasema ni watu wabaya, atafunga. Andika sikujua kusoma. Kila mtu, hata afisa, anajua hiyo ni nini." Akamwomba Millicent wino.

Basi afisa asome hapa, na kila mtu asome. Barua ishirini na sita za kuzaliwa zilikuwepo, zimepigwa mihuri, na Mwalimu Mukhwana alizileta Nairobi mwezi wa Januari 1994. Mimi Phelister, mke wake, nilikatazwa kuligusa sanduku nami nikalitoa bila kulifungua, kwa wivu. Mulama, kaka yake, aliliondoa kufuli, na hakujua kusoma kilichomo. Karatasi zilienda sokoni kutoka nyumbani kwake. Zimebaki tisa. Watoto kumi na saba hawana kosa lolote, hawajui hata sisi ni nani. Kama kuna adhabu, tuko Maringo, tunapatikana.

Mama Kiilu alipoisoma aliniuliza, "Na wakikataa?"  Magan pia anauliza hivyo. Yuko hapa amelala kwenye mkeka wako sebuleni, anangoja apeleke habari, na safari ya kwenda ni siku nne. Ameniambia Dahabo hujaza ndoo za watu kisimani akirudia hesabu kwa sauti, na Nuur hapitii tena karibu na darasa, anazungusha mifugo kwa mbali ili asisikie.

Sijui nitafanya nini Jumamosi asubuhi kama jibu ni hapana. Sijui Magan ataanza vipi kusema. Nimejaribu kumtungia maneno, nimeshindwa, na mimi ndiye mwenye mdomo katika nyumba hii.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Phelister. Binti yako, Millicent. Magan, mwalimu mwenzako. Na kaka yako Mulama, ambaye ameweka dole gumba lake chini ya maandishi haya, zito, limejaa wino mpaka nje ya mstari. Wengine wa ukoo wameomba wasitajwe.

Hatutakusahau hata siku moja, Baba Millicent, wala hatukuombi utulie. Simama nasi Ijumaa.